Gari Linalokunywa Maji Halina Kiu

"Liko sawa, ila linakunywa maji kidogo." Utaisikia kauli hii kwa wauzaji wa magari, kwa madereva wa teksi na, jambo linaloniuma zaidi, kwa vijana wenye magari ya spoti ya zamani wanayoyapenda kwa moyo wote. Kwenye buti kuna mtungi wa lita 5. Asubuhi kifuniko kinafunguliwa, maji ya bomba yanamiminwa, safari inaanza, na jioni mtungi unajazwa tena. Nasema waziwazi kwamba gari la namna hiyo haliko sawa hata kidogo. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yaliyomo huzunguka kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta na kurudi, na mfumo ukiwa mzima hukaa humo miezi na miezi bila kupungua kwa kiasi cha kumfanya mtu abebe mtungi. Yakipungua, yametokea mahali. Mahali hapo panaweza kutafutwa na kupatikana, na mara nyingi pakatengenezwa na mwenye gari mwenyewe, uani kwake, kwa spana, bisibisi na tochi.

Kazi hiyo ya nyumbani ndiyo ninayoitetea leo. Siitetei kwa kuwadharau mafundi wetu, ambao wengi wao wanaijua injini kwa kuisikiliza tu. Naitetea kwa sababu kutafuta mahali maji yanapovuja kunataka muda, na muda ndicho kitu ambacho gereji haiwezi kukuuzia. Fundi hulipwa gari linapoondoka. Gari likiingia kwake saa nne, likiwa na moto wa barabarani, na mwenyewe anataka kuondoka nalo saa nane, fundi atafanya linalowezekana kati ya saa nne na saa nane: atakaza klipu, atabadilisha kifuniko, atamimina dawa ya kuziba. Ufa mwembamba kwenye rejeta haujali ratiba hiyo. Unataka injini ilale ipoe kabisa, mfumo upewe presha bila joto, na mtu akae kimya na tochi akingoja tone lijikusanye. Uani kuna usiku mzima. Gereji hakuna.

Chukua magari ninayoyafahamu vizuri, Subaru Impreza WRX za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mapenzi ya Wakenya kwa magari haya yana historia. Patrick Njiru aliendesha Subaru katika Safari Rally, Colin McRae akashinda mbio hizo kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Safari ilipoondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, mapenzi yalibaki, na tangu iliporudi mwaka 2021 msafara wa Subaru kwenda Naivasha umekuwa sehemu ya sherehe yenyewe. Lakini hesabu miaka. Kanuni zetu haziruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. WRX ya mwaka 1999 unayoiona leo Thika Road iliingia kufikia 2007 hivi. Imekula vumbi, matuta na foleni za kwetu kwa miaka mingi kuliko ilivyokula theluji ya Japani.

Plastiki na mpira vina umri wake, hata kama kiwanda kilifanya kazi nzuri. Magari ya zamani zaidi, yale ya miaka ya 1970, yalikuwa na rejeta ya shaba, na fundi wa kulehemu aliiziba kwa risasi ikarudi barabarani. Rejeta za kizazi hiki zina mwili wa alumini na matangi ya plastiki, moja juu na jingine chini, yaliyobanwa kwa meno ya alumini yaliyokunjwa juu ya ukanda wa mpira. Joto la miaka 20 huigeuza plastiki hiyo kutoka nyeusi hadi kahawia, ikakauka, ikawa haivumilii tena kutikiswa. Hupasuka hasa kwenye shingo inapoingia hosi ya juu, kwa sababu hapo ndipo maji ya moto zaidi yanapopita na ndipo mtu anapovuta akifungua hosi. Plastiki ya namna hiyo hailehemiwi. Gundi ya chuma itashika wiki moja au mwezi, kisha ufa uendelee pembeni yake.

Mwana wa dada yangu alikuja na gari kama hilo. "Mjomba, inakunywa maji lakini chini hakuna hata tone," akaniambia. "Nimeongeza lita moja juzi, leo tena." Tayari alikuwa ameondolewa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, amemiminiwa dawa ya kuziba, na ameambiwa kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa, injini ishushwe. Alikuwa anajiandaa kukopa. Nilimwomba kitu kimoja tu: aliache gari lilale kwangu.

Asubuhi injini ilikuwa baridi kama jiwe. Tukafungua kifuniko na mahali pake tukafunga pampu ya kupimia presha, kifaa cha mkono chenye saa ndogo yake. Tukapampu hadi presha iliyoandikwa juu ya kifuniko, si zaidi, kwa sababu ukizidisha utapasua kile ambacho kilikuwa kizima. Kisha tukangoja. Mshale ulishuka polepole, bila haraka yoyote. Kijana aliinama chini ya gari akatazama sakafu, kavu. Nikampa tochi nikamwambia atazame nyuma ya feni, chini ya tangi la juu la rejeta, mahali ambapo jicho halifiki mtu akisimama. Palikuwa na ganda jepesi la rangi ya kijani iliyopauka, mfano wa chumvi iliyokauka kwenye sufuria, likifuata mkunjo wa plastiki na alumini. Akalifuta kwa kitambaa. Baada ya muda mrefu kidogo tone likajitokeza palepale, likanenepa, likateleza kwenye mapezi ya rejeta.

Hiyo ndiyo sababu chini hapakuwa na kitu. Injini ikiwa ya moto, kile kinachotoka kinaangukia alumini yenye joto kali na kugeuka mvuke kabla hakijafika ardhini. Anayetafuta dimbwi chini ya gari hataliona kamwe. Anayetafuta ganda lililokauka ataliona siku ileile, maana kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, huacha alama yake kila inapopita: kijani, waridi au nyeupe, kutegemea kilichotiwa. Kuna pia uvujaji wa kinyume, unaotokea injini ikiwa baridi tu. Klipu za springi zikichoka, hosi na shingo ya chuma husinyaa kwa viwango tofauti alfajiri ya Julai kule Limuru, maji yakapenya. Injini ikipata moto vyote hupanuka, pakafunga. Dereva anafika gereji, kila kitu kikavu, na fundi anaonekana mwongo bila kosa lake.

Pampu ile ya presha ilimwokoa kijana na mkopo. Kabla hatujaridhika tulipima pia kama kuna gesi ya mwako ndani ya maji, kwa ile dawa ya buluu inayogeuka manjano ikikutana na hewa chafu ya injini. Ilibaki buluu. Gasketi ilikuwa nzima.

Nataka nikae kidogo kwenye kifuniko, kwa sababu hakuna kipande cha gari kinachodharauliwa hivyo nchini mwetu. Mombasa, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye 94. Ukipanda Limuru ni kama 92, na Timboroa chini ya hapo tena. Injini yenyewe inafanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 85 na 95. Soma tarakimu hizo mara mbili. Nairobi, kwa maji matupu na kifuniko kisichoshika presha, gari linachemsha likiwa kwenye joto lake la kawaida, bila hitilafu nyingine yoyote. Kifuniko kizima hushikilia presha ya takriban baa moja juu ya hewa ya nje na kusogeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 na zaidi. Kwa hiyo tundu dogo haliibi maji tu, linaiba presha, na presha ndiyo inayokupandisha kutoka Mai Mahiu. Kifuniko kina kazi ya pili pia: injini ikipoa, vali yake ndogo hufunguka kuruhusu maji yaliyokimbilia kwenye chupa ya akiba yarudi. Vali hiyo ikikwama, chupa inabaki imejaa huku rejeta ikiwa na hewa, na dereva anayeangalia chupa peke yake anadanganyika. WRX yenye tabo ina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye kitanki kidogo juu ya injini. Havifanani. Usivibadilishane. Na kamwe, nasema kamwe, kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Presha ikitoka ghafla maji yote yanachemka mara moja, na yanachagua uso na mikono.

Kubadilisha rejeta yenyewe ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu asiye na haraka. Toa waya wa betri ili feni za umeme zisizunguke mikono ikiwa ndani. Kama unainua mbele ya gari, liweke juu ya stendi. Jeki si kitu cha kulalia chini yake. Fungua bomba la chini, kinga kwa beseni safi, na pima ulichotoa, kwa sababu utahitaji hesabu hiyo baadaye. Hosi iliyogandia usiichokonoe kwa bisibisi, maana utakwaruza shingo ya alumini ya upande wa injini na kujitengenezea mahali papya pa kuvuja. Izungushe kwa mkono, na ikikataa, ichane kwa kisu kwa urefu, kwani hosi ya miaka 20 haistahili kurudishwa. Chomoa plagi za feni, fungua bolti mbili za juu, inua. Chini rejeta imekalia mipira tu. Katika kurudisha, mahali pa klipu ni nyuma ya ule ukingo ulioinuka wa shingo, si juu yake. Shingo isuguliwe kwa msasa laini mpaka isiwe na chumvi. Usipake silikoni chini ya hosi. Hosi nzuri juu ya shingo safi haihitaji gundi, na silikoni inayozidi hukatika vipande, vikaenda kuziba njia ndogo ndani ya rejeta mpya uliyoitolea jasho.

Halafu linakuja swali la maji. Watu wengi husema, "Sisi hatuna barafu, kulanti ya nini?" Ni kweli kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa glaikoli na maji haugandi mpaka joto lishuke hadi nyuzi 37 chini ya sifuri, na kwamba kinga hiyo Mkenya haihitaji. Lakini ndani ya kulanti kuna dawa za kuzuia kutu, na injini ya Subaru ni ya alumini, yenye bolti za chuma cha kawaida na viungo vya metali nyingine. Vyote vikikaa kwenye maji ya bomba au ya kisima vinalana kimyakimya. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, ya kwingineko yana chokaa. Kuna jambo jingine lisilosemwa dukani: kulanti nyingi za Kijapani hutegemea fosfeti, na fosfeti ikikutana na maji yenye chokaa hutengeneza magamba ndani ya mirija myembamba ya rejeta. Mtu ananunua kulanti nzuri, anaichanganya na maji ya kisima, na miaka miwili baadaye anashangaa gari linachemsha kwenye foleni. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri, na soma lebo kwa makini usije ukabeba tindikali ya betri badala ya maji. Wala usiamini rangi. Kijani cha kampuni moja si kijani cha nyingine. Kama hujui kilichokuwemo, suuza mfumo wote uanze upya.

Hewa ndiyo inayowashinda wengi. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, na mfumo wake wa maji una kona za juu ambako hewa hupenda kujificha. Hewa haipozi chuma. Kihisi cha joto kikikaa ndani ya povu husoma vibaya, mshale ukatulia katikati huku silinda hedi inaungua. Na mshale wenyewe, katika magari mengi ya Kijapani ya kizazi hiki, umetengenezwa kusimama katikati kwa nyuzijoto nyingi ili usimtie dereva wasiwasi. Ukianza kupanda, hali imeshakuwa mbaya; dereva anayesema nitaegesha mbele kidogo amechelewa. Kwa hiyo jaza polepole kupitia kitanki cha juu ya injini, ukiwa umelegeza kile kiparafujo cha kutolea hewa pembeni mwa rejeta hadi kitoe maji yasiyo na povu. Minyaminya hosi kwa mkono. Washa injini, weka hita kwenye joto la mwisho, ngoja hosi zote mbili zipate moto na feni iwake na kuzima yenyewe. Hita ikipuliza baridi wakati injini ina moto, hewa bado imo. Sasa rudi kwenye hesabu ya beseni: kama ulitoa lita 6 na umerudisha 4 tu, usiende popote. Liache lilale, asubuhi likiwa baridi ongeza tena.

Kuhusu thamostati nitasema kwa ukali kidogo. Kuiondoa gari linapochemsha ni desturi iliyoenea kuanzia gereji za mjini hadi vijijini, na ni dhuluma kwa injini. Injini isiyo na thamostati haifiki joto lake barabarani. Kompyuta inaamini bado ni asubuhi na kuendelea kumimina petroli nyingi, oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu ulioingia ndani yake, na silinda zinalika kabla ya wakati. Mwenye gari anafurahi kwa sababu mshale uko chini. Wakati huohuo tundu lililosababisha yote lingali pale pale likivuja.

Dawa za kuziba ni mjadala mgumu zaidi kidogo, na sitaki kuufanya mwepesi. Subaru yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliagiza kiongezi maalumu kitiwe katika baadhi ya injini za lita 2.5 ambazo gasketi zake zilikuwa zikivujia nje. Kilikuwa kiasi kilichopimwa, cha aina moja, kwa tatizo lililojulikana. Kumimina chupa mbili za unga usioujua, au yai, au pilipili manga, kwenye mfumo ambao hujui unavujia wapi ni jambo lingine kabisa. Unga huo hauchagui tundu. Unajaza rejeta ndogo ya hita, unajaza mirija, na unafunika ushahidi ambao tochi ingeuona. Kijana wetu tulimsuuzia matope ya kahawia kwa muda mrefu kuliko tuliotumia kufunga rejeta.

Si kila kitu ni cha uani. Pampu ya maji ya injini hii inazungushwa na mkanda wa taimingi, na ina tundu dogo la tahadhari linaloanza kudondosha sili yake ikichoka. Ukiona maji yanatokea nyuma ya vifuniko vya mkanda, kazi imebadilika. Mkanda ukifungwa ukiwa umeruka jino, vali na pistoni huweza kukutana, na hapo hakuna cha kujifunza ila gharama. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Anayebadilisha mkanda bila pampu, au pampu bila mkanda na puli zake, analipia kazi ileile mara mbili. Mpelekee fundi unayemwamini, na ukae naye. Vilevile kama dawa ya buluu imegeuka manjano, au povu linatoka kwenye chupa ya akiba kila ukikanyaga mafuta, injini itashushwa, maana gasketi za injini iliyolala ni taabu kuzifikia ikiwa garini.

Tafadhali, yale maji ya beseni yasimwagwe kwenye mtaro. Glaikoli ina ladha tamu. Mbwa huilamba, mtoto huionja, na kiasi kidogo huharibu figo na kuua. Ifunikwe tangu tone la kwanza, itiwe kwenye mtungi wenye kifuniko na maandishi makubwa, iwekwe mbali na chupa za maji ya kunywa, na ipelekwe kwa wanaokusanya taka za magari.

Nikifikiria vijana wanaokusanyika Jumapili na Impreza zao zikiwa zimeng'arishwa, magurudumu ya dhahabu, mabomba ya moshi mapya, huona nafasi inayopotea. Wengi wamelipia bomba la moshi kwa fedha ambazo zingenunua rejeta, hosi zote, thamostati, vifuniko viwili na kulanti ya kutosha. Kundi la watu 20 linaweza kuchangia pampu moja ya presha na chupa moja ya ile dawa ya buluu, likazipitisha nyumba hadi nyumba, na kila mwanachama akalaza gari lake kwa zamu. Kifaa kinakuja Jumamosi jioni, injini inapoa usiku, mshale wa pampu unasomwa Jumapili kabla mtu hajawasha ufunguo, na anayekuta mshale umeshuka anajua la kutafuta akiwa na tochi mkononi na siku nzima mbele yake.